Siku Tatu Nyuma ya Boya

Nyie mlioniuliza pale kwa muuza kahawa nilipotelea wapi, nikawajibu "mizunguko tu ya kikazi," niwieni radhi. Niliwadanganya. Haikuwa kazi. Ruhusa niliomba kwa mambo ya kifamilia, na sitawachosha na habari za barua na sahihi. Nilitoka Boko Jumanne asubuhi nikarudi Alhamisi alasiri, na siku zote hizo sikutia mguu nje ya Dar es Salaam. Kuna watu kwa muda huo wanakwenda Songea na kurudi. Mie nilifika Chamazi.

Boko, kabla sijaondoka

Kazi yangu ni vifaa vya bahari, ingawa najua wengi wenu mnadhani nauza nyavu. Boya letu si lile la wavuvi. Ni duara la plastiki nyeupe, ukubwa wa beseni la kufulia, ndani lina betri, kipima joto na kifaa cha kurusha taarifa kwenye setilaiti. Chini yake unaning'inia mfuko mrefu wa kitambaa, mfano wa mguu wa suruali, unaozama na kushika maji, ili boya lifuate mkondo badala ya kusukumwa na upepo. Halina nanga wala mashine. Unaliacha baharini liende linakokwenda, na wewe umekaa ofisini unasoma mstari wake kwenye ramani: maji yanaelekea wapi, kwa kasi gani, yana joto gani. Kwa ufupi ni chombo ambacho kazi yake ni kupotea.

Tulikuwa na moja lililokuwa likielea mbele ya kisiwa cha Mbudya. Alhamisi moja asubuhi shemeji yangu Faraji, mume wa mdogo wangu Mwanaidi, alipiga simu akiwa baharini. Mashine ya boti imezima, maji yanamchukua. Alikuwa peke yake. Simu ikakatika na haikupatikana tena.

Kesho yake, Ijumaa asubuhi, wavuvi walikusanyika ufukweni na boti tatu za kumtafuta. Mzee Shomari, ambaye ameivua bahari ile tangu ujana wake, alisema waende kaskazini, maana siku zile maji yalikuwa yanapanda kuelekea Bagamoyo. Mie nikafungua kompyuta yangu juu ya boti iliyopinduliwa, nikawaonyesha mstari. Alhamisi asubuhi boya letu lilikuwa karibu na pale alipozimikiwa Faraji, na tangu hapo lilikuwa limeshuka kusini polepole, limepita Msasani, linaelekea Kigamboni. Nikamwambia mzee yule, mbele ya watu, "Mzee wangu, chombo hiki hakina sababu ya kusema uongo." Wakaenda kusini.

Walitafuta siku mbili. Jumapili nilipofungua ramani, nikaliona boya liko nchi kavu, linafuata barabara. Lilikuwa mikononi mwa mtu. Niliwapigia simu wageuze, lakini mafuta yalikuwa yamekwisha, na mpaka yalipopatikana mengine ilikuwa Jumatatu jioni. Siku ya nane boti ya Faraji ilikutwa upande wa Saadani, huko kaskazini, haina mtu. Mwenyewe hajaonekana mpaka leo ninapoandika. Mwanaidi hajakaa eda kwa kuwa hakuna wa kumwambia kwa hakika kwamba ni mjane, wala hawezi kusema bado ni mke.

Basi nilitaka kujua jambo moja tu: boya lile liliokotwa wapi. Kama liliokotwa Ijumaa kule Kigamboni, basi lilifikishwa na maji, mstari ulikuwa wa kweli, na ya Faraji ni ya Mungu. Kama liliokotwa Alhamisi huku kwetu, basi nilichowaonyesha wazee hakikuwa mkondo. Ilikuwa safari ya boti ya mtu, na mie ndiye niliyewapeleka watu kule ambako Faraji hakuwako. Mwanaidi aliwahi kuniuliza, amekaa kwenye jamvi, hata hakuniangalia: "Kaka, ulijuaje kama ni kusini?" Nilisema nakwenda kununua maji.

Pantoni na Mjimwema

Nilianza Mjimwema, upande wa Kigamboni, kwa sababu hapo ndipo mstari ulipogusa nchi kavu. Bajaji ya kwanza iliniacha Mwenge, dereva alipokumbuka kwamba ana msiba. Ya pili ilinifikisha Feri, na pantoni tuliisubiri mpaka jua likatuhamia upande wa pili wa uso. Nilinunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili, nikakaa kwenye ukuta karibu na mama mmoja aliyekuwa na ndoo ya dagaa. Aliniuliza nakwenda wapi na uso umeniinama vile.

"Nakwenda Mjimwema mama, natafuta boya."

Akanigeukia. "Ni mdogo wako?"

"Nani?"

"Huyo boya. Kama ni mdogo wako, baba, usimwite hivyo mbele za watu. Hata kama ni mjinga, ni damu yako."

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nimezoea kulitumia neno hilo ofisini mpaka nimesahau mtaani lina maana gani. Nilimweleza, akacheka mpaka ndoo ikayumba, kisha akaniombea dua nilipate. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka baada ya wiki tatu, na nilijisikia vibaya papo hapo.

Mjimwema nilielekezwa duka la Bi Zuhura, linalouza kamba, ndoana na taa. Babu yake, Mwarabu wa Hadhramaut, ndiye aliyelifungua, na mizani yake bado iko juu ya kaunta. Nilitoa shikamoo, akaniitikia, na kabla sijasema shida yangu nikawekewa mkate wa kumimina na chai ya tangawizi.

"Hilo boya lako namjua vizuri," alisema, kisha akajisahihisha kwa kicheko, "nalijua. Lilikaa hapa chini ya kaunta siku mbili, na kile kitambaa chake kimelowa, duka zima linanuka pweza. Kalileta Dadi. Mvuvi, mtu wa kusini, Mmakonde wa Mtwara huko. Mkimya, mstaarabu. Akasema, Bi Zuhura, nimeokota kitu cha mtu, nisaidie kumpata mwenyewe. Basi Ijumaa ile tukampelekea muadhini habari, baada ya swala akatangaza: 'Limeokotwa boya, mwenye nalo afike dukani kwa Bi Zuhura.' Msikiti mzima ukavunjika mbavu! Wiki nzima vijana wananipitia hapa, 'Bi Zuhura, boya wetu hajambo?'"

Nilimuuliza Dadi aliliokota wapi.

"Mwanangu, mie nauza ndoana. Mvuvi hakwambiagi alikopita." Akanywa chai, halafu uso ukambadilika. "Tena siku hiyo hiyo walikuja watu wengine kuuliza, masikini, watu wa huko Boko. Wamepotelewa na mwenzao baharini. Niliwapa chai. Walisimama hapo hapo ulipo."

"Hawakuliona?"

"Lilikuwa miguuni mwao. Lakini wao walikuwa wanatafuta mtu."

Mkate ulikuwa mtamu na sikuutaka tena. Niliumeza hata hivyo, maana Bi Zuhura alikuwa ananitazama na asingekubali nibakishe. Mie ndiye niliyewaleta wale watu mpaka dukani kwake. Walisimama juu ya chombo changu, chombo kiko chini ya kaunta kinanuka pweza, nami niko Boko naangalia doa lake kwenye ramani, naona liko ufukweni, najisemea, naam, maji yamelifikisha huko.

Dadi mwenyewe alikuwa hayupo. Mke wake, akaniambia, ana genge Gongo la Mboto, na Dadi amepanga huko. Nililala nyumba ya wageni karibu na hapo.

Gongo la Mboto

Kuvuka daraja na kuikuta barabara ya Pugu hakukunisumbua. Kilichonisumbua ni turubai la harusi. Mtaa niliotakiwa kuingia ulikuwa umefungwa kwa turubai tangu ukuta mpaka ukuta, viti vimepangwa barabarani, na spika zinapiga singeli ambayo sikuisikia kwa masikio tu, niliisikia kwa meno. Nikashuka kwenye bajaji nipite kwa miguu. Mzee mmoja wa kamati akanishika mkono: "Upande wa bwana harusi? Mmechelewa!" Kabla sijakana nilikuwa na sahani ya pilau mkononi, na kabla sijaimaliza nilikuwa nimebeba viti sita. Nilikaa humo karibu saa mbili, naona aibu kuondoka. Bwana harusi alipoingia, watu wakaanza kupiga vigelegele, nikaikumbuka harusi ya Mwanaidi. Faraji siku ile alivaa kanzu fupi kwa sababu ya kuazima, nami nilimtania mbele ya wakwe. Alicheka, akaniambia, "Shemeji, bahari haiulizi kanzu." Nikaweka viti chini nikatokea upande wa pili.

Kwenye kijiwe cha bodaboda nikauliza tena kama mtu asiyejifunza: "Jamani, natafuta boya lililoletwa hapa na mvuvi mmoja."

Wakatazamana. Mmoja akatema kijiti. "Braza, umekosea mtaa. Hapa maboya waliishaga, tumebaki wajanja watupu."

"Unatafuta boya wa kumpiga nini?" akauliza wa pili, na sasa hakuwa anatania. "Simu za kubahatisha? Viwanja hewa? Sema ishu yako tukusikie."

Nilitumia kama robo saa kueleza kwamba mie si tapeli anayetafuta mtu wa kumwibia. Nilichora mchangani duara na mguu wa suruali. Yule wa kwanza ndiye aliyeelewa. "Aaah! Lile bomu! Nenda kwa Mama Neema."

Mama Neema ni mwenye nyumba aliyopanga Dadi. Alinikaribisha kiti lakini yeye alisimama.

"Wewe ndiye mwenye lile dude? Hebu niambie kwanza, linalipuka?"

"Hapana mama. Linapima maji ya bahari."

"Unasema sasa! Sie watu wa Gongo la Mboto hatuchezi na kitu cha duara kisichojulikana. Mie siku yale mabomu ya kambi ya jeshi yalipolipuka nilikimbia mtaa huu na mtoto mgongoni na sufuria mkononi, mpaka leo sijui sufuria ile ilikuwa ya nani. Sasa Dadi analeta dude jeupe, lina maandishi ya Kizungu, ananiambia mama, limepotea, namtafuta mwenyewe. Tukaliweka uani, tukalifunikia pipa la chuma, juu ya pipa tofali nne. Wiki nzima hakuna aliyeanika nguo upande ule!"

Kumbe ndiyo maana taarifa za boya zilikatika Gongo la Mboto na sikuziona tena. Ofisini tuliandika kwamba betri imekwisha.

"Mwisho nikamwambia Dadi, ama dude ama chumba. Akalipeleka kwa mjomba wake Chamazi, na mwenyewe yuko huko toka juzi. Hakutaka kulitupa. Anasema kitu cha mtu hakitupwi." Akanitazama, hasira zikampungua. "Lakini baba, kama ni kitu cha kheri, si mngeandika? Kwa Kiswahili? Mstari mmoja tu, tuelewe."

Niwaambieni ukweli. Tuliandika. Karatasi za plastiki zenye gundi, herufi kubwa, *Kifaa cha utafiti. Hakijapotea. Tafadhali kiache kielee.* Nilikabidhiwa nizibandike mie. Siku ya kulitupa boya lile baharini, boti ilikuwa inaondoka, gundi haikushika kwenye plastiki yenye unyevu, nikasema nitazibandika kwenye lijalo. Mpaka nakaa kwenye kiti cha Mama Neema zilikuwa kwenye droo yangu, chini ya chaja. Nilimwambia, "Tulisahau mama." Sikutaka hata kusema nilisahau, nikasema tulisahau.

Chamazi

Siku ya tatu nilifika Chamazi mapema, nikapotea mara mbili kwa sababu kila niliyemuuliza alinielekeza kiwanja cha mpira, kana kwamba hakuna mtu anayekuja Chamazi kwa jambo jingine. Mjomba wake Dadi anaitwa Mzee Chitanda, ni mchonga vinyago. Nilimkuta chini ya paa la mabati, vumbi la mpingo limemjaa kwenye nyusi, anasugua mgongo wa kinyago kwa msasa. Nilitoa shikamoo. Nyuma yake kwenye rafu, katikati ya vinyago, lilikaa boya langu.

Lilikuwa limeoshwa. Ukungu wa bahari umesuguliwa mpaka plastiki inang'aa. Na ule mfuko wa kitambaa, jamani, ulikuwa umefuliwa kwa sabuni, umeanikwa, na umekunjwa vizuri kama shuka la mgeni, umewekwa pembeni yake.

Dadi alitoka ndani akiwa anafunga kikoi. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, mpole wa macho. Nilipomwambia mie ndiye mwenye boya alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Alhamdulillahi. Mjomba, mwenyewe kaja! Nilisema mie, atakuja tu."

Tuliletewa ming'oko ya kuchemsha, vile viazi vya porini vya kwao, na chai ya rangi. Nilikula kidogo. Nikamuuliza aliliokota wapi.

"Mbele ya Mbudya," alisema bila kufikiri. "Alhamisi, kwenye saa nne asubuhi. Tunakumbuka kwa sababu kesho yake ndiyo tulifika Mjimwema tukaswali Ijumaa. Sie tulikuwa tunavua huku tunarudi, tunasimama, tunatega, tunasogea kidogo. Tukalala huko huko majini. Nikaliona linaelea peke yake, nikawaambia wenzangu, hili limekatika kwenye nyavu za mtu. Sie kwetu boya la mtu ukilikuta limekatika hulipiti. Bila hilo mwenzako hajui nyavu zake ziko wapi. Basi tukalifukuza."

"Mkalifukuza?"

"Lilikuwa linakimbia! Maji yalikuwa na nguvu siku ile, yanalipeleka juu, Bagamoyo huko. Tumelifukuza na mashine mpaka tukalishika."

Juu, Bagamoyo huko. Wangeliacha lingetuambia hivyo hivyo. Mzee Shomari alisema hivyo bila kompyuta.

Na sasa niseme nililoficha tangu mwanzo wa masimulizi haya. Chombo chetu hakirushi mahali kilipo tu, kinarusha na joto. Wiki moja kabla ya safari, nilipokuwa peke yangu ofisini, niliifungua ile safu ya joto ya Alhamisi. Kuanzia saa tano mchana ilipanda, ikapanda zaidi adhuhuri, joto ambalo bahari yetu hainalo hata Februari. Ni joto la kitu kilichoachwa juani juu ya mbao za boti. Ijumaa asubuhi, nilipokuwa nawaonyesha wazee ule mstari, namba hizo zilikuwa kwenye ukurasa huo huo, chini kidogo, na sikuteremsha macho. Nikajiambia vipima joto huharibika. Nilizunguka jiji siku tatu nikitafuta mtu wa kuniambia kwamba kimeharibika.

Dadi alinimiminia chai. "Limekusumbua sana kulitafuta, braza?"

Nilimtazama. Nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Ningemwambia kuhusu Faraji, na yangemkaa mtu huyu moyoni maisha yake yote, mtu aliyenifulia kitambaa changu kwa sabuni. "Halikunisumbua," nikasema. "Ahsante kwa kulitunza."

"Kitu cha mtu," alisema, akainamisha kichwa. Mzee Chitanda alinifungia korosho kwenye gazeti, na Dadi akanisindikiza mpaka kwenye bajaji, amelibeba boya yeye.

Kurudi Boko

Njia ya kurudi sina mengi ya kuisimulia. Nilikaa na boya mapajani kutoka Mbagala mpaka Tegeta. Kila tuliposimama, watu walichungulia na kuuliza ni nini, nami nikasema ni beseni.

Sikupitia kwangu. Mwanaidi nilimkuta barazani anachambua mchele. Niliweka boya chini, nikakaa kwenye jamvi mbele yake, nikamwambia yote kwa mpangilio, kuanzia zile karatasi kwenye droo mpaka namba za joto. Nikamwambia kosa ni langu, mtu asije akamwambia vinginevyo. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza.

"Ijumaa ile," alisema, "Mzee Shomari alikuja hapa kabla hawajaondoka. Akasimama hapo. Akaniambia, mwanangu, mie moyo wangu uko kaskazini, lakini vijana wanamsikiliza kaka yako. Sema neno wewe mwenye mume, watalifuata lako." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Nikamwambia, mzee, kaka yangu hajawahi kunidanganya. Nendeni alikosema."

Nilitaka kumshika mkono. Aliuondoa, si kwa hasira, aliuondoa tu kwa kuuweka kwenye ungo.

"Halafu wakaenda," akasema.

Mtoto wa jirani alipita na ndoo, akatuamkia, tukaitikia wote wawili. Kisha Mwanaidi akainuka, akakung'uta kanga yake, akachukua ungo.

"Chai iko kwenye chupa, Idrisa," alisema, akaingia ndani.

Tangu alipojua kusema mpaka alasiri ile, Mwanaidi hakuwahi kuniita kwa jina.